Juu ya Kukaanga Mayai, na Chombo Kiifaacho Kazi Hiyo

Huenda msomaji akastaajabu kuona kurasa hizi, ambazo kwa desturi hushughulika na ngeli za majina na mila za ndoa, zikitumika safari hii kwa habari ya yai na kikaango. Hatuombi radhi. Neno tulilolidhani kuwa jepesi kuliko yote ya jikoni ndilo lililotutia katika kosa, na kosa lenyewe lilimwumiza mtu asiye na hatia. Kwa hiyo tumeona yatupasa kulieleza wazi, ili ndugu zetu walimu wenye kazi kama yetu wasije wakajikwaa pale pale tulipojikwaa sisi.

Habari ni hii. Tulialikwa kusahihisha mtihani wa mapishi katika shule moja ya wasichana. Mojawapo ya maswali lilikuwa na maneno matatu tu: "Kaanga yai moja." Wasichana wengi walifanya kama kitabu chao kilivyowafundisha: siagi kidogo kikaangoni, moto mdogo, ute mweupe na laini, na kiini kizima juu yake, bado chepesi. Lakini msichana mmoja, mtoto wa mwambao, alikiacha kikaango alichowekewa, akatafuta karai, akalitia mafuta mengi, akangoja mpaka yalipokaribia kufuka moshi, ndipo akavunja yai ndani yake. Ute ukafura na kutoka malengelenge, ukingo wake ukageuka rangi ya kahawia; naye akaligeuza upande wa pili, akaliopoa likiwa limeiva ndani na nje. Tukampa alama tatu katika kumi, na pembeni tukaandika neno moja: "Limeungua."

Jioni, tulipokuwa tumeketi barazani, alikuja bibi mmoja aliyekuwa mpishi wa shule ile kwa miaka mingi. Tulimwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia, "Marahaba," kisha akakaa kimya kidogo.

"Mwalimu, nina neno."

"Sema, bibi."

"Lile swali, lilisema yai likaangwe kwa namna gani?"

"Halikutaja namna, bibi. Lilisema likaangwe tu."

"Basi mbona yule aliyekaanga ndiye aliyeshindwa? Wale wengine wamelipasha moto tu."

Hatukuwa na jibu. Usiku ule tulianza kuchunguza jambo ambalo yatupasa tuwe tumelichunguza kabla ya kushika kalamu nyekundu, na haya yafuatayo ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi kaanga ni cha asili ya Kibantu, hakikuletwa na mgeni. Wakikuyu wana gũkaranga kwa maana iyo hiyo. Waganda wametwaa njia nyingine, wao husema okusiika. Walakini maana ya kaanga katika Kiswahili ni pana kuliko wageni wadhanivyo. Mtu hukaanga samaki kwa mafuta. Lakini pia hukaanga kahawa, hukaanga njugu, hukaanga bisi, na katika kazi hizo kwa desturi ya zamani hapana hata tone moja la mafuta. Kwa hiyo kiini cha neno (na tusamehewe kwa kutumia neno hilo mahali hapa) si mafuta, bali ni ukavu. Kukaanga ni kukiivisha kitu chomboni pasipo maji, kwa joto la kukikausha na kukibadili rangi. Hapo ndipo kukaanga kupambanukapo na kuchemsha na kutokosa, ambako kuna maji. Na kuchoma na kubanika, ambako moto hukifikia chakula pasipo chombo katikati.

Tukiifuata maana hiyo, bibi alikuwa na haki. Yai ambalo halikukauka popote wala halikubadilika rangi, masikioni mwake halijakaangwa, limeshikana tu. Na kitabu cha shule, kilichotungwa kwa mawazo ya lugha nyingine, kilikuwa kimelitwaa neno letu na kulitia maana isiyokuwa yake. Makosa ya namna hii twayajua sana katika tafsiri za vitabu vitakatifu, ambako tunajihadhari nayo. Jikoni hatukujihadhari.

Majina ya vyombo nayo yana habari yake. Kaango na kikaango yametokana na kitenzi kwa kuongeza irabu ya -o mwishoni, kama vile kifuniko kitokavyo katika funika na ufagio katika fagia. Kikaangio hutoka katika kaangia, yaani chombo cha kukaangia. Ukimwuliza mzee wa pwani kaango ni nini, atakuonyesha chombo cha udongo, mdomo wake mpana, wala si chuma chenye mkono mrefu. Sufuria ni neno la Kiarabu, na asili yake ni jina la shaba ya njano. Leo karibu sufuria zote tuzionazo sokoni ni za alumini, nyeupe kama fedha, nazo zimeendelea kuitwa kwa jina la shaba pasipo mtu kuona ajabu. Karai na tawa yametoka Bara Hindi pamoja na vyombo vyenyewe: karai lina kina, nalo ndilo la maandazi na la yule msichana wetu, tawa ni bapa, nalo ndilo la chapati. Na mijini siku hizi wako wasemao fraipani. Basi katika jiko moja dogo mna Ubantu, Uarabu, Uhindi na Uingereza, na kila chombo kimekuja na namna yake ya kukaanga.

Makasisi watakumbuka kwamba tofauti ya chombo bapa na chombo chenye kina ni ya kale sana. Katika Mambo ya Walawi, mlango wa 2, sadaka ya unga yatajwa kwa vyombo viwili, kimoja katika mstari wa 5 na cha pili katika mstari wa 7, na Kiebrania kina majina mawili mbalimbali, machavat na marcheshet. Walimu wa Kiyahudi katika Mishna walieleza kwamba cha kwanza ni bapa na kilichopikwa humo huwa kigumu, na cha pili kina kina na kilichomo huwa laini chenye kutikisika. Mtafsiri asiyejua jiko atayatia majina yote mawili chini ya neno moja. Na kwa kuwa tumegusa mayai: ule ute wa yai usio na ladha utajwao katika Ayubu 6:6 una mashaka, maana wataalamu wengine huona kuwa neno la Kiebrania lililopo hapo ni utomvu wa mmea fulani. Lakini hayo yatatupeleka mbali.

Watoto wetu wote wajua kitendawili cha nyumba isiyo na mlango. Baada ya kuivunja nyumba hiyo, mataifa hayakubaliani hata juu ya jina la kitu kilichomo kikaangoni, na majina yao yaonyesha kila taifa lataka kuona nini. Wajerumani huliita Spiegelei, yaani yai la kioo. Wafaransa nao wana jina lenye maana hiyo, kwa sababu ya utando mwembamba unaong'aa juu ya kiini. Waitaliani huliita jicho la ng'ombe dume. Waindonesia husema telur mata sapi, nayo ni jicho la ng'ombe vile vile. Wajapani husema medamayaki, na medama ni mboni ya jicho. Na Waebrania wa leo husema yai la jicho. Wamarekani wamelifananisha na jua: upande wa jua juu. Watu wote hao, msomaji ataona, wanalitaka yai lisilogeuzwa, kwa maana jicho lililogeuzwa halioni. Lugha yetu haikulipa yai hilo jina lililoenea kote. Jina tulilo nalo sisi ni kimanda, ambalo wengine husema kiwanda cha mayai, yaani mayai yaliyopigwa kwanza ndipo yakamiminwa. Hiyo ni dalili njema kwamba yai la jicho si chakula cha asili kwetu, bali yai lililopigwa, lenye kitunguu na pilipili ndani yake, ndilo tulilolizoea. Hata chipsi mayai za Dar es Salaam ni kimanda kilichomiminwa juu ya viazi, na rolex ya Kampala ni kimanda kilichobandikwa chapati ute ungali mbichi, ili vishikane, kisha vikakunjwa pamoja. Jina lake, ingawa lafanana na la saa, lasemwa kuwa latoka katika maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyokunjwa.

Tena isisahauliwe kwamba si wote waliokula mayai. Katika Buganda ya zamani wanawake hawakuruhusiwa kula kuku wala mayai yake, na miiko ya namna hiyo ilikuwako kwa makabila mengine ya Afrika ya Mashariki. Mwalimu afundishaye wasichana kukaanga yai katika nchi kama hizo anafanya kazi kubwa kuliko anavyodhani. Haifai aifanye kana kwamba anafundisha kufunga kifungo.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe, kwa maana tulipochunguza tuliona kwamba msichana wetu hakuwa peke yake. Nchi ya Uhispania yote ingalimtetea. Huko yai hukaangwa kwa mafuta mengi ya zeituni yenye moto mkali, na mpishi huyateka mafuta kwa kijiko na kuyamwaga juu ya yai, mpaka ukingo wa ute uwe kama lesi ya kahawia, mkavu, wenye kuvunjika kwa meno. Ukingo huo wana jina lake, puntilla, na yai lisilo nao wengi huliona kuwa kazi ya mpishi mvivu. Kwa hiyo kile tulichokiandika kuwa ni kuungua, wao wamekipa jina la pambo la nguo.

Iko picha moja mashuhuri ambayo twapenda kuitaja hapa. Mwaka 1618, huko Sevilla, kijana Diego Velázquez, ambaye alizaliwa mwaka 1599, alimchora mwanamke mzee ameketi mbele ya chombo cha udongo kilichowekwa juu ya jiko la makaa. Mkono mmoja ameshika kijiko cha mti, mkono wa pili yai, na chomboni mna mayai ambayo ute wake unaanza kugeuka mweupe. Pembeni kuna kinu kidogo na mchi wake, na kitunguu, na mtoto wa kiume aliyekumbatia tikiti. Picha hiyo imo Edinburgh tangu mwaka 1955, katika jumba la taifa la picha la Uskoti. Mtu wa pwani yetu akiitazama hatahitaji mfasiri: kaango la udongo, makaa, mwiko, bibi. Na tazama neno lilivyozusha shida huko nako: Wahispania huiita picha hiyo "Mwanamke mzee akikaanga mayai," lakini Waingereza huiita "Mwanamke mzee akipika mayai," na wako waliobishana kama kilichomo chomboni ni mafuta au ni maji. Tukisikia habari hiyo twapata faraja kidogo, kwa kuwa hata wenye maarifa ya picha hawakupatana juu ya neno lile lile lililotushinda sisi.

Upande wa pili una mabingwa wake pia. Fernand Point, mpishi wa Kifaransa aliyekuwa na nyumba ya chakula mjini Vienne, aliyefariki mwaka 1955, alifundisha kinyume kabisa: siagi iyeyuke pasipo kulia hata kidogo, yai literemshwe taratibu kutoka katika kisahani, moto uwe mdogo hata ute ugande kama malai; kisha siagi nyingine iliyoyeyushwa mbali imwagwe juu. Kwake yeye yai lililotoa sauti kikaangoni limekwisha kuharibika. Mhispania asiposikia sauti ataona moto umezimika.

Je, nani mwenye haki? Sababu ya ugomvi imo ndani ya yai lenyewe. Ute huanza kushika kwenye joto la sentigredi 62 hivi, lakini hauwi thabiti mpaka ukaribie 80. Kiini huanza kuwa kizito kwenye 65 na hushika kwenye 70. Yaani ute wahitaji joto kubwa kuliko kiini, na vyote viwili vimo katika chombo kimoja, juu ya moto mmoja. Apendaye kiini chepesi na ute ulioiva anataka jambo ambalo moto peke yake hautaki kumpa. Basi namna zote za kukaanga yai ni hila za kuupa ute zaidi na kiini pungufu. Mhispania humwagia ute mafuta ya moto. Mwingine hufunika kikaango na kutia kijiko kimoja cha maji, ili mvuke uivishe juu huku chini kunaiva. Mwingine huligeuza kwa nukta chache tu. Point alipunguza moto, akangoja. Na msichana wetu, kama bibi yake na bibi wa bibi yake, hakuwa na haja na hila hata moja, kwa maana yeye hakutaka kiini chepesi. Alitaka chote kiive.

Juu ya hilo la kiini tunalo neno zito zaidi, maana si la ladha tena. Mayai huweza kubeba vijidudu viitwavyo salmonela, vyenye kuleta homa na kuhara, na kwa mtoto mchanga, mzee, mgonjwa au mama mjamzito ugonjwa huo huwa mkali. Uingereza, mwezi wa Desemba mwaka 1988, waziri mdogo wa afya Edwina Currie alisema hadharani kwamba mayai mengi ya nchi yake yameingiwa na vijidudu hivyo. Watu wakaacha kununua, wafugaji wakalia, naye akajiuzulu baada ya majuma mawili. Baadaye kuku wakachanjwa, na mayai ya wafugaji waliokubali masharti yakapigwa chapa ya simba. Mwaka 2017 idara ya usalama wa chakula ya huko ikatangaza kwamba mayai yenye chapa hiyo yaweza kuliwa na kiini chepesi hata na wajawazito na watoto. Basi kitabu cha shule kilichosifu kiini chepesi kilisifu yai la nchi yenye kuku waliochanjwa na ganda lenye chapa. Yai lililookotwa chini ya ghala, ambalo hakuna ajuaye limekaa siku ngapi, halina chapa yo yote. Bibi zetu hawakujua jina la salmonela, lakini walijua yai viza, na walipika kama watu wanaolijua. Mwalimu anayempunguzia msichana alama kwa sababu amekiivisha kiini huenda anamfundisha kumwuguza mtoto wake.

Tumesema mengi juu ya moto. Tuseme juu ya chombo, ambako maneno ni makali zaidi. Tumesikia nyumba moja ikigawanyika kwa ajili ya kikaango kuliko kwa ajili ya urithi.

Yai hung'ang'ania kwa sababu ute mbichi ukigusa chuma hushikamana nacho ukiwa unaganda. Dawa ni kuweka kitu katikati. Kitu hicho ni mafuta, au ni ngozi ngumu iliyofanyika na mafuta ya zamani. Kikaango cha chuma cha kusubu, kile kizito cheusi, kikipakwa mafuta membamba na kutiwa moto mara nyingi, mafuta hayo hugeuka utando mweusi uliokauka, usiotoka kwa kuoshwa. Na kadiri kinavyotumika ndivyo kinavyozidi kuwa laini. Ndiyo maana wenye vikaango hivyo huvirithisha. Na hapa tumeona jambo moja la kuchekesha na kusikitisha. Fahari ya jiko letu ni sufuria zilizosuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka mtu ajione uso. Msichana mwema, aliyefundishwa vizuri kwao, akipewa kikaango cheusi cha chuma, kazi yake ya kwanza ni kukisugua mpaka kiwe cheupe, naye ajua ametenda wema. Kesho yake yai lang'ang'ania, na lawama ni za kikaango. Hakuna aliyekosa hapo. Desturi njema mbili zimekutana mahali pamoja.

Wengine hudai kwamba sabuni isiguse kikaango hicho kamwe. Neno hilo lilikuwa na msingi zamani, sabuni zilipokuwa na magadi makali yawezayo kuula utando. Sabuni laini za siku hizi za kuoshea vyombo hazina nguvu hiyo. Kinachodhuru ni waya wa kusugulia, na maji ya kuachiwa usiku kucha, maana chuma hushika kutu.

Alumini ni nyepesi, ni rahisi, na hupitisha joto zaidi ya mara tatu kuliko chuma cha kusubu. Huo ndio wema wake na ubaya wake. Sufuria nyembamba juu ya makaa hupokea kila kaa kama lilivyo: hapa joto kali, pale baridi, na yai likaungua upande mmoja huku upande wa pili ungali maji. Anayelazimika kuitumia, na wengi wetu twalazimika, atie mafuta ya kutosha, wala asibanie. Chombo cha udongo ni kinyume chake: huchelewa kupata moto, kisha hukaa nao kwa usawa, na yai lililopikwa humo huendelea kuiva hata baada ya kuepuliwa, kwa hiyo liepuliwe mapema. Chombo cha chuma kisichoshika kutu hupitisha joto vibaya kuliko alumini na chuma cha kusubu, nacho hung'ang'ania sana kwa mtu asiye na subira. Wapishi wengi hukijaribu kwa tone la maji: likitandaa na kuchemka, bado, likijikusanya na kukimbia kimbia kama shanga, kimepata moto, ndipo moto upunguzwe na mafuta yatiwe. Shanga hiyo hukimbia juu ya mvuke wake yenyewe, jambo ambalo mganga wa Kijerumani Johann Gottlob Leidenfrost aliliandika mwaka 1756, na jina lake limebaki nalo.

Viko tena vile vikaango vyenye utando mweusi wa kiwandani, ambavyo yai huteleza juu yake hata pasipo mafuta. Kitu chenyewe kiligunduliwa kwa bahati huko Marekani mwaka 1938 na Roy Plunkett, aliyekuwa akitafuta gesi ya kugandishia barafu. Na Mfaransa Marc Grégoire ndiye aliyefanikiwa kukibandika katika alumini na kuanza kuuza vikaango katika miaka ya 1950. Kwa yai hakuna chombo kirahisi kuliko hicho. Lakini utando huo huanza kuharibika ukipita joto la sentigredi 260, na moshi wake huua ndege waliofungiwa ndani ya nyumba. Jiko la gesi lina kifungo cha kupunguza. Jiko la makaa halina. Kikaango kitupu juu ya makaa yaliyokolea hupita kiasi hicho upesi. Mwenye kasuku nyumbani na ayashike maneno haya.

Juu ya mafuta tutasema kidogo tu. Siagi ina maji na masazo ya maziwa ndani yake. Masazo hayo ndiyo yaungualo kwanza na kuleta uchungu. Samli ni siagi iliyokwisha kutolewa hayo yote, kwa hiyo hustahimili moto mkali pasipo kuungua. Ajabu ni kwamba vitabu vya mapishi tunavyovifundisha hutaja siagi kila ukurasa, na samli, iliyo bora kwa kazi hii na iliyo katika nyumba za pwani tangu zamani, haitajwi. Mafuta ya nazi na ya ufuta yana ladha zake, na apendaye ladha hizo hatahitaji ruhusa yetu.

Waswahili husema mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Na hilo twalijua. Lakini mtihani hauwezi kuulizwa kwa methali, kwa kuwa mtahini sharti atoe alama. Tulirudi kwa mwalimu mkuu, tukamweleza kosa letu, na yule msichana akapewa alama nane. Mbili tulizobakiza ni za chumvi, ambayo aliisahau, na bibi mwenyewe aliposikia alikubali kwamba ni haki. Swali nalo limeandikwa upya: "Kaanga yai moja kwa namna upendayo, kisha ueleze kwa nini umechagua chombo hicho na mafuta hayo." Kulisahihisha ni kazi ndefu kuliko zamani.

Limebaki jambo moja ambalo hatukulimaliza. Katika kuandika upya kitabu cha mapishi twahitaji maneno mawili mafupi: moja la yai ambalo kiini chake ni chepesi, na moja la yai ambalo kiini chake kimeshika. Kusema "kiini kibichi" kwamtisha mlaji, na "kiini laini" kwaweza kudhaniwa kuwa sifa ya yai lo lote. Bibi wa shule husema yai "linalolia" na yai "lililonyamaza," nasi twayapenda maneno hayo, lakini hatujui kama yanasikiwa mbali na jiko lake. Wasomaji walioko Lamu, Kilwa, Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa katika Kongo na watuandikie wasemavyo watu wa kwao, pamoja na jina la chombo wanachokaangia, na kama ni bapa au kina kina.